Bati Shingoni

Kijana wangu wa mwisho amenunua mbwa, kisha akamnunulia mkanda. Mkanda wenyewe ni wa ngozi nyekundu, una kengele ndogo na kibati cha kung'aa kilichochorwa jina la mbwa. Alinionyesha kwa fahari. Nikamuuliza, "Amechanjwa?" Akasema, "Bado, mama. Chanjo nayo ni gharama, na huyu hatoki nje ya geti." Nikaushika ule mkanda, nikamuuliza ameununua kwa bei gani. Aliponitajia ilibidi nikae. Kwa bei ile angechanjwa yeye mbwa, na mama yake, na bibi yake. Kijana akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania. Nilikuwa na hasira ambayo ni ya zamani kuliko yeye.

Wenzangu wa rika langu, mliokulia Usevya na vijiji vya Mpimbwe enzi zile, mnakumbuka kwamba kwetu hapakuwa na ng'ombe. Ndorobo, wale mbung'o, walikuwa wamewamaliza. Tulikuwa na mpunga, mahindi, kuku, mbuzi wa kuhesabika, na mbwa. Bila mbwa hukuvuna. Nguruwe pori waliingia shambani kama watu walioalikwa, na nyani walikuja mchana kweupe, wazee wao mbele. Kwa hiyo mbwa kwetu hakuwa pambo. Alikuwa nusu ya jembe.

Wa kwetu aliitwa Watasema. Jina alipewa na mama, kwa ajili ya majirani, ambao walikuwa na maneno mengi juu ya baba. Na maneno yao yalikuwa ya kweli. Baba alikuwa na mkono wa birika. Kibiriti alikipasua njiti mbili mbili kwa wembe. Chumvi aliificha mwenyewe. Lakini mimi alinipenda, na hili nataka lijulikane mapema kabla sijamsema. Nilikuwa na jina la mama yake mzazi, kwa hiyo hakuniita kwa jina, aliniita "mama", na aliposema "mama, njoo" hata mimi mwenyewe nilijiona mtu mzima.

Siku moja ikapigwa mbiu kutoka barazani kwa mtemi. Bwana mifugo anakuja. Watu walicheka. Bwana mifugo anafuata nini mahali pasipo mifugo? Mpiga mbiu akaeleza: kuna kichaa cha mbwa, kimeingia nchi za jirani, kila mwenye mbwa amlete adungwe sindano, alipe sumuni, nusu shilingi, na mbwa atafungwa bati shingoni. Baada ya hapo askari atazunguka na bunduki, na mbwa asiye na bati atapigwa risasi.

Watu waliacha kucheka. Miaka ya nyuma askari wa bwana nyama walikuwa wamewaua mbwa wengi wakisema wanatumiwa kuwinda wanyama wa serikali. Sasa serikali ileile inataka mbwa waletwe mahali pamoja, wakiwa wamefungwa kamba, na juu yake ilipwe. Baba alisema maneno ambayo nayasikia hadi leo.

"Hawa wamechoka kuwafuata mbwa porini. Wanataka tuwapelekee wenyewe, tena tulipie risasi."

Mama akasema, "Padre kasema ni dawa."

"Padre ana mbwa?"

Padre hakuwa na mbwa. 

Asubuhi ya siku ya sindano baba alinituma shambani na Watasema, nikae naye juu ya dungu la kulindia mpunga mpaka jua lizame. Alinipa kichwa cha kambale mkavu wa kumtulizia mbwa akitaka kubweka. Kutoka kule juu nilisikia mbwa wakilia barazani, mmoja baada ya mwingine, na kwa akili yangu ya utoto kila mlio ulikuwa mbwa anayekufa. Nilimkumbatia Watasema, nikamshukuru Mungu kwa kunipa baba mwerevu kuliko baba za wenzangu.

Jioni wenzangu walirudi na mbwa wao wazima. Hilo lilinichanganya. Kilichoniuma zaidi ni kwamba bwana mifugo alikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku mlikuwa na maji magumu kama jiwe, yanaunguza mkono kwa baridi. Watoto wote wa kijiji walikuwa wameyagusa. Walinisimulia wiki nzima. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha kambale.

Na mbwa wao, kila mmoja, alikuwa na bati shingoni. Duara dogo la bati, lina tundu, limepigwa chapa, limefungwa kwa waya.

Sasa nawaomba mnielewe tulivyoliona bati lile. Sisi tulikuwa Wakatoliki. Kila mtoto aliyebatizwa alikuwa na medali ya Bikira Maria shingoni, na tulifundishwa kwamba ni ya kutulinda. Waliotutangulia, kabla ya medali, walifunga shingoni kipande cha mti au cha ngozi kwa kazi hiyohiyo. Kwetu kilichokulinda kilining'inia shingoni. Sindano tuliiona kama ada ya kuingilia, kama maji ya ubatizo: yanamwagika yanakauka, medali ndiyo inayobaki. Sikuwa mimi mtoto peke yangu niliyefikiri hivyo. Nyumba nzima ilifikiri hivyo, na nyumba za jirani pia.

Habari zikaja kwamba askari wa bunduki ameanza kuzunguka. Baba akaanza kukosa usingizi. Na hapo ndipo chui alipomchukua mbwa wa Mzee Kleofasi, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Alimla mwili wote, akaacha kichwa, mkia na bati.

Baba alikwenda kutoa pole. Alirudi na bati.

Alikuwa amelinunua kwa kuku. Na si kuku wa hivihivi, alikuwa mtetea wa mama, yule mwekundu aliyekuwa akitaga kila siku. Mama alilia kwa hasira. Alisema, "Kuku yule huko sokoni ni shilingi nzima! Sindano ilikuwa sumuni!"

Baba akamjibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Sumuni ni pesa, mama watoto. Pesa inangoja kodi. Kuku ni kuku tu."

Nimezeeka na jibu hilo, bado sijalimeza. Methali ya ufa na ukuta baba aliijua vizuri. Alikuwa akiitumia kwa nyufa za ukuta.

Basi, Watasema akafungwa bati la marehemu. Askari alipita, akatazama shingo, akaenda zake. Baba alicheka siku ile, jambo la nadra. Na mimi nikapewa kazi ya kulisugua lile bati kwa majivu kila Jumamosi, pamoja na medali yangu, ili lisipoteze nguvu. Nililisugua likang'aa hata chapa ikaanza kufutika.

Wakati wa mavuno, mpunga ukiwa umelala chini, mbweha alitoka porini saa ambayo mbweha hawatoki. Alikuja anayumba, mdomo wazi, hana habari na watu. Wanawake wakapiga kelele, Watasema akamrukia. Walipigana mpaka wanaume wakaja na marungu wakammaliza mbweha. Watasema alitoka na kidonda kidogo mdomoni. Baba akampigapiga mgongoni. "Umeona?" akasema. "Bati linafanya kazi."

Kidonda kikapona. Mpunga ukapurwa, ukaingia ghalani. Kisha Watasema akaanza kujificha chini ya ghala. Alikuwa akitafuna vijiti. Sauti yake ilibadilika, ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Udenda ukawa unamtoka, na kila nikimpelekea maji anayasogelea, koo linashtuka, anarudi nyuma. Mama alimtazama kwa mbali akiwa na kinu chake.

"Mfupa umemkwama," akasema. "Mtazame kooni."

Hivyo ndivyo mtu yeyote wa kwetu angesema. Mbwa anayetoa udenda na hanywi maji ana mfupa. Nikapiga magoti, nikamwita kwa jina, nikapeleka mkono. Watasema, ambaye nilikuwa nimekua nikimlalia ubavuni, aliniuma kiganja, akakishikilia. Mama alimpiga kwa mchi ndipo akaachia. Baba alitoka ndani na mkuki. Sikutazama.

Mimi sikulilia mkono. Nilikuwa nauliza, "Bati limeshindwaje?" Nilikuwa nimelisugua Jumamosi iliyopita tu.

Wakanipeleka kwa dresa, kijana wa zahanati aliyekuwa anavaa koti jeupe lililompita mwili. Aliuosha mkono wangu kwa sabuni, akauosha tena, akauosha mpaka nikachoka kulia. Kisha akamuuliza baba, "Mbwa amedungwa?"

"Ana bati," baba akasema, akalitoa mfukoni. Alikuwa amelivua shingoni mwa maiti. Lilikuwa safi.

Dresa akaligeuza mkononi, uso ukamlegea. "Afadhali. Mbwa wa bati hana kichaa, labda kweli alikuwa na mfupa. Mkifika nyumbani mfungeni kitambaa safi, mumrudishe kesho."

Baba akanyanyuka kuondoka. Sikuzote nimejiuliza, na nimejiuliza kwa uchungu, kama alikuwa anaficha au anaamini. Nadhani alikuwa anaamini. Alikuwa amelilipia bati, kuku mzima, kwa hiyo lilikuwa lake na kazi yake ilikuwa yake. Nusura anitoe mlangoni nikafe kwa imani ile.

Mama ndiye aliyebaki amekaa.

"Bati hilo ni la mbwa wa Kleofasi," akasema.

"Mama watoto, twende."

"Ni la mbwa wa Kleofasi aliyeliwa na chui! Wetu hakudungwa. Alifichwa kwenye dungu. Bwana, mtoto wangu atakufa?"

Dresa alisimama.  Kisha akasema kwa sauti iliyowaleta watu madirishani, "Nyie watu! Nyie watu mna nini? Dawa iko kwenye sindano! Hili ni alama tu, ni alama tu kwamba alidungwa! Mmenunua alama?"

Baba alilitazama bati mkononi mwa dresa kama mtu anayeonyeshwa kwamba noti yake ni karatasi.  Dresa akasema niondoke siku hiyohiyo kwenda Mpanda hospitali, na nikichelewa, hakuna dawa duniani.

Lori lililokuwepo lilikuwa la mfanyabiashara aliyekuja kununua mpunga, na alikuwa anataka kukaa siku mbili zaidi akingoja bei ishuke. Baba alimwendea. Sijui alimwambia nini, ila najua mwenye shida hana bei. Mpunga wetu wote ulitoka ghalani jioni ile, ukapakiwa, ikabaki mbegu tu. Nilipanda juu ya magunia yetu wenyewe, mama ananishika upande huu na baba upande ule, tukaenda Mpanda tukiwa tumekalia mavuno ya mwaka mzima, ambayo hayakuwa yetu tena.

Mpanda tulifikia kwa baba mdogo, aliyefanya kazi mgodini. Hospitali walikuwa hawana dawa, ikabidi iagizwe Tabora ije na treni. Tukaingoja treni. Watu wa rika langu wanaisifu treni ile, mlio wake, moshi wake. Mimi kila nikisikia mlio nilikuwa naenda mtungini kunywa maji, nione kama nayaogopa. Nilikunywa mpaka tumbo likawa ngoma. Baba alikuwa ananitazama nikinywa, na nikimaliza kikombe alikuwa anapumua.

Dawa ikaja. Sindano zilikuwa za tumboni, kila asubuhi, leo upande huu, kesho upande ule. Hadi leo nikisikia harufu ya spiriti nashika tumbo. Baba alikuwa ananishika miguu. Mbwa wetu angedungwa mara moja tu, begani, angelia kidogo, akapewa kichwa cha kambale, akasahau. Ile aliyoikwepa yeye niliipokea mimi, na ilikuwa imezaa njiani.

Nikapona, au tuseme sikuugua. Siku ya kuruhusiwa, baba hakuondoka. Alibaki amesimama mbele ya daktari, kofia mkononi.

"Na bati lake?" akauliza.

"Bati gani?"

"La mtoto. Amedungwa, na bati hajapewa. Watajuaje?"

Wauguzi walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Baba hakucheka. Alikuwa na maana yake: dresa alisema bati ni alama kwamba umedungwa, haya, mimi nimedungwa kuliko mbwa wote wa Mpimbwe, alama iko wapi? Tulirudi Usevya akiwa bado anaona kazi haijaisha.

Mwaka ule tulikula mihogo. Watoto wenzangu walinikimbia wakisema nitabweka. Baba alikwenda kwa Mzee Kleofasi kudai kuku wake, kwa kuwa aliuziwa bati lisilofaa. Kleofasi akamwambia kuku ameliwa, na bati lilikuwa zima lilipotoka kwake, labda tumelisugua mno. Walikosana kwa hilo, wazee wazima, na hakuna hata mmoja aliyelitaja neno sindano.

Msimu uliofuata tulipata mtoto wa mbwa. Mama akamwita Tumekoma. Bwana mifugo aliporudi, baba alikuwa wa kwanza barazani, kabla ya jua, sumuni imefungwa kwenye pindo la nguo. Mimi ndiye niliyemshika mbwa. Niliyagusa maji magumu, na kweli yaliunguza. Tumekoma alilia kidogo, akadungwa, akafungwa bati. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu Watasema. Kwa mara ya kwanza nyumba yetu ilikuwa imefanya jambo kama inavyotakiwa kufanywa, kwa wakati wake na kwa bei yake.

Furaha ile ilidumu mpaka nyumbani. Baba aliukata waya, akalitoa bati kwa mbwa, akalitia kwenye kamba ya medali yangu.

"Baba, hili ni la Tumekoma!"

"Tumekoma ana dawa ndani. Dresa si alisema? Dawa iko kwenye sindano. Sasa yeye bati la nini?"

"Na mimi nina dawa ndani!"

"Wewe ni mtu," akasema. "Mbwa nitapata mwingine. Vaa, mama."

Nikavaa. Mngefanyaje? Mama alisema kidogo, akachoka. Baba alikuwa amejifunza, jamani, kweli alikuwa amejifunza, ila somo lilikuwa limeingia kichwani mwake miguu mbele. Nikawa nakwenda shule ya misheni na Bikira Maria na bati la mbwa, vinagongana kifuani nikikimbia, na nimevificha chini ya gauni wasivione.

Nilikuwa darasani tuliposikia mlio mmoja wa bunduki upande wa kwetu. Mwalimu aliendelea kuandika ubaoni.

Mama ndiye aliyenisimulia. Askari alimkuta Tumekoma mlangoni, shingo tupu. Baba alitoka mbio kutoka shambani, anapaza sauti, "Amedungwa huyo! Nimemlipia! Amedungwa!" Askari akamuuliza, "Bati liko wapi?" Baba akasema, "Lipo shuleni." Askari akadhani anachezewa.

Nilipofika, baba alikuwa anachimba shimo nyuma ya ghala, karibu na pale alipojificha Watasema. Jasho lilikuwa linamtoka, au lilikuwa jasho na kitu kingine. Sikumsalimu. Nilikuwa nataka kumrushia lile bati usoni, na tayari nilikuwa nimeitoa kamba ile nje ya gauni, mkono umeshika fundo.

Baba aliacha jembe, akanitazama shingoni.

"Usilivue, mama," akasema. "Limeshalipiwa."